Vipande Kumi na Viwili vya Edson

Jumanne, 4 Juni 2024

Mambo, Msiri wangu! Lazima niandike. Duara, lile shimo la machimbo, limetitia asubuhi — Edson na wenzake watatu wako chini! Wanaoijua njia ya huko ndio haohao waliofukiwa.

Mke wake, Asteria, kaja mbio na memori kadi dukani kwangu, hapa ninapojazia watu nyimbo kwenye simu. Kumbe wiki iliyopita Edson alijirekodi video akimwonyesha bosi wake njia nzima. Vipande kumi na viwili, namba 1 mpaka 12. Sostenes anayesimamia uokoaji anataka video moja, kila mchimbaji aibebe kwenye simu. Mimi tena! Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, majina ya vipande yakajipanga yenyewe kwenye listi, programu ya ffmpeg ikaviunganisha. Sekunde nane! Hata sikuitazama yote. Unashuka ngazi, chini njia mbili, unaingia kushoto. Basi wanachimba kushoto. Sostenes kanipiga bega: ng'wanawane, yaani mwanangu, umewazidi wenye digrii!

Jumatano, 5 Juni

Mawe tu. Asteria kakaa pale juu ya duara, kagoma kula.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu.

Nimeirudia asubuhi. Edson anamaliza ngazi mkavu — ghafla kalowa jasho, tochi imefifia. Inakuwaje? Nafungua listi: 1, 10, 11, 12, 2, 3... Kompyuta imepanga kama maneno, haijahesabu! Kile kipande cha kuingia kushoto ni namba 10, ndani kabisa. Namba 2 iko wazi: chini ya ngazi anaingia KULIA. Siku mbili, Msiri! Siku mbili nawachimbisha ukuta!

Nikakimbia. Sijafungua mdomo — kelele! Mwita, mchimbaji aliyeko zamu, kasikia mtu anagonga jiwe. Kushoto! Vigelegele. Asteria kapiga magoti.

Nikamvuta Sostenes pembeni, nikamwambia yote. Halafu akasema magogo ya kuzuia udongo yamebaki ya kutosha kuchimba upande mmoja tu.

Akamwita Mwita. Anaapa kasikia, mara tatu. Nikamuuliza, na sasa hivi bado unasikia? Akawaka: we dogo wa kujaza nyimbo, umewahi kushuka hata mita tano?

Sijawahi.

Sostenes kanipa dakika kumi. Nikatamke mbele ya watu, kushoto au kulia. Nimejibanza nyuma ya kompresa, naandika. Asteria kapita sasa hivi, kaniita shemeji, kasema asante kwa video.

Msiri, ungekuwa wewe, ungesema upande gani?