Kiti cha Baba Kisiningojee

Mama wangu mpenzi,

Jambo sana huko Kilibula. Goti lako limepungua kuuma? Na maji ya bomba yanafika, au dada yangu Furaha bado anateka ziwani? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaniangusha. Huku Kanada theluji imefunga njia, na tangu Jumapili sijasema Kiswahili na mtu.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana majirani wanakusumbua. Waambie napanga herufi kwenye ordinateri. Ni programu za kompyuta za ghala, kioo cheusi kisicho na picha. Kila herufi naitajia mstari wake na mahali pake, na kila mahali hukaa herufi moja tu.

Kwa upweke nikajichorea nyumbani kwa herufi hizo hizo: ziwa, milima, ua wetu. Wewe ni M, mdogo wangu Amani ni A, Baba ni B mlangoni kwenye kiti chake. Alipofariki nilitaka kumfuta. Sikuweza, Mama. Nililia pale pale, wenzangu wakadhani kazi imenishinda.

Nimesikiliza tena sauti uliyonitumia kwa telefone: "Weye njo mukubwa. Kilio haitaondolewa bila weye kuikala ku kiti ya baba yako. Minye niko nangoja." Mara mbili mmeahirisha siku ya kuondoa kilio kwa ajili yangu, na wewe bado umevaa nguo za kilio, huimbi kwaya, huendi harusi za watu. Sasa ofisi ya uhamiaji imenijibu: karatasi zangu za kuishi huku bado, na nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Hawasemi mpaka lini.

Jana nikaweka A pale penye B. Sikulazimika kufuta kitu, ile mpya ilikaa juu ya ile ya zamani. Iliniuma, sikudanganyi, maana pale palikuwa pangu. Lakini Amani ndiye aliyemuuguza Baba, ndiye anayekupeleka hospitali. Akae yeye kwenye kiti. Wazee wa ukoo wakibisha, wasomewe barua hii, wajue nimesema mwenyewe.

Nisalimie Furaha, baba mdogo wa Nyakabere na mihogo yake, na shangazi wa Nyamianda asiyechoka kuniulizia mke. Mwambie bado natafuta.

Panga siku, Mama, usiniulize kama inanifaa. Siku hiyo uvue nguo za kilio, uimbe. Mimi nitalia peke yangu huku, ila wewe usinisubiri tena.

Mtoto wako wa kwanza,
Bahati