Nukta Moja Mbele ya Mnara

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha ubishi. Mimi sijambo, ila tangu jana sijalala, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikazamia mbele ya mnara wa taa, nikarudi na kipande cha tumbawe, ukanifukuza nacho jikoni kwa sababu ya harufu? Basi kipande hicho ndicho kimenifanya hivi. Kazi yetu hapa chuoni unaijua: kutenganisha matumbawe yanayojenga miamba, aina kwa aina, kisha kuchora kwenye ramani kila aina inaishi wapi. Lile la kwetu, lenye kingo zilizokunjamana kama kabichi, vitabu vyote vinasema ni la kawaida, limejaa pwani na visiwa vyote. Nikaliloweka kwenye dawa nyama itoke ibaki mifupa, nikaliweka chini ya hadubini nikijua nitaandika jina lile lile la siku zote niende kula.

Mama, vijikombe vyake si vile! Kila kijikombe ni nyumba ya mnyama mmoja mdogo, na nyumba hizi zimejengwa na fundi mwingine kabisa. Nikampelekea Profesa. Akaangalia, akavua miwani, akaivaa tena. "Rudia," akasema. Nikarudia. Tukapima vinasaba. Tukatoa vipande vyote vya kabichi vilivyomo makabatini, vya kila pwani, tukalinganisha. Hakuna hata kimoja kinachofanana nacho.

Kwa hiyo tulichokiita aina moja miaka yote ni aina mbili. Ya kwanza imejaza ramani. Ya pili ina nukta moja tu: mbele ya mnara wetu. Dunia nzima, Mama! Pale pale uliponifundisha kuogelea nikilia.

Na wewe hujaniambia hiyo kazi mpya unayoifanya siri. Umepandishwa cheo au umeposwa?

Kitindamimba wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mimi mzima, goti ndiyo hivyo, leo linakubali kesho linakataa. Dada zako hawajambo na wanakusalimu.

Sijaposwa. Nilitaka nikutumie picha kwanza nikuringie. Baada ya miaka yote ya winchi ndogo, nimepewa mashine kubwa. Bandari inapanuliwa ili meli kubwa ziingie, na mama yako ndiye anayeendesha mkono wa kuchimba chini ya bahari.

Barua yako nimeisoma ndani ya kibanda cha mashine, chai mkononi. Chai imemwagika yote. Baba, tunachimba mbele ya mnara.

Ndoo inapanda na tope, mchanga, na vitu vya kahawia vilivyokunjamana. Wenzangu wanatania, "Mama Winchi, leo umetuvunia kabichi tena!" Nami nilikuwa nacheka. Nikawaambia walete chumvi.

Kabla hatujaanza tulikusanywa tukaelezwa kwamba wataalamu wamekagua, na matumbawe ya pale ni ya kawaida, yapo kila mahali. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Niambie nimesoma vibaya. Ulizamia upande gani wa mnara, huu wa bandari au ule mwingine? Jibu upesi, kwa simu, hata kama huku inashika kwa kubahatisha.

Mama yako


Ujumbe wa simu, 19 Machi

Shikamoo Mama. Barua imefika sasa hivi. Ni upande wa bandari, kwenye mteremko. Wakaguzi walitumia ramani yetu ya zamani. Nakuomba usishushe mkono tena. Profesa anaandikia wizara. Mwanao


Ujumbe wa simu, 19 Machi

Nimezima mashine. Wananipigia kelele. Mama


27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima huko. Mimi mwili mzima, roho haipo mahali pake. Niko nyumbani, nimesimamishwa kazi.

Nilipozima, msimamizi alipanda ngazi mbio. "Imeharibika?"

"Haijaharibika. Huko chini kuna kiumbe ambacho hakipo popote pengine duniani."

"Nani kasema?"

"Mwanangu."

Akacheka, baba. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Winchi, wangu anasema atakuwa rubani. Nikasimamishe ndege?"

Nikamwonyesha ujumbe wako. Akasema kazi husimamishwa na wizara, si simu ya mtoto.

Mimi nilidhani nikikataa basi, kazi itasimama. Nilidhani hivyo kweli, kwa akili zangu hizi. Akamwita Shoto. Mjomba wako Shoto huyu huyu, niliyeendesha naye winchi tangu wewe uko mgongoni, aliyekufundisha baiskeli. Akaja akaniambia kwa upole, "Inuka, dada." Nikainuka. Akakaa kwenye kiti changu kikiwa bado cha moto, akashusha mkono. Hakunitazama hata mara moja. Nikabaki nimesimama sitahani, naangalia kabichi zikimwagwa kwenye tishari la kubebea taka pamoja na matope.

Amri ya wizara ya kusimamisha kazi ilifika juzi. Walikuwa wameshafika mwisho wa mteremko.

Njoo, baba. Zamia uniambie kimebaki nini.

Mama yako


2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na chakula ulichonifungia kiliisha kabla sijashuka garini. Natumaini umelala vizuri tangu niondoke, ingawa sidhani.

Nisamehe kwa ukimya wangu pale mezani. Ulikuwa unanitazama kila nikimeza tonge, nami nasema "tusubiri majibu." Hakuna majibu ya kusubiri. Nilishindwa kukwambia uso kwa uso.

Nilipozama mara ya kwanza nilidhani nimekosea mahali. Nikapanda juu nikautafuta mnara. Ulikuwa pale pale. Nikashuka tena. Hakuna rangi, hakuna samaki, hata ule mlio wa mwamba, kama mafuta yanayochemka, haupo. Mkono ulipopita ni shimo tupu. Na pale ambapo haukugusa, tope lilitua likafunika kila kitu. Tumbawe haliwezi kukimbia, Mama, na bila mwanga halina maisha. Nilifukua kwa vidole. Kingo zilikuwepo, zimekunjamana vile vile, zote zimekufa. Nikalia ndani ya miwani ya kuzamia, na humo huwezi hata kujifuta.

Tumetafuta mwamba wote, mimi na wenzangu. Hakuna. Profesa amesema nukta ibaki kwenye ramani, ila iwe tupu katikati. Ndiyo alama ya mahali ambapo kitu kilikuwapo. Nimeichora mwenyewe. Bado hakijapewa hata jina.

Usijilaumu. Kati ya wote, wewe ndiye uliyezima.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Natumaini hujambo na unakula. Sisi tuko salama. Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili sikuweza.

Sasa tafuta kiti ukae. Wiki iliyopita msimamizi alipiga hodi hapa nyumbani, kofia mkononi. Kazi imeruhusiwa iendelee. Nikamwuliza kwa nini.

"Wataalamu wenyewe wameandika kwamba hakuna kilichobaki cha kulinda."

Ripoti yenu, baba! Na hilo lilikuwa nusu tu. Anataka nirudi kitini, maana Shoto ameapa haishiki tena ile mashine, amebaki kufunga kamba tu. Kumbe na yeye alisomewa ripoti hiyo.

Nimekubali. Usinune. Kama mkono lazima ushuke, ushuke na mtu anayetazama.

Jana tuliagizwa tuling'oe boya moja kuukuu la kuongoza meli. Nikaanza kuvuta mnyororo wake, Shoto akiniongoza kwa ishara kutoka ukingoni. Ghafla akapiga ukelele, "Simamisha! Dada, simamisha!" Nikajua mtu ameangukia majini. Nikasimamisha mashine.

Hakuna aliyeanguka. Kwenye mnyororo, chini kidogo ya boya, juu kabisa ambako tope halikufika, kulikuwa na kitu cha kahawia kimekumbatia chuma, kikubwa kama sinia, kingo zimekunjamana. Kibichi, bado hai, maji yakitiririka. Nikakirudisha baharini saa hiyo hiyo. Msimamizi alikuja, akainama kutazama. Safari hii hakucheka.

Mimi sijui kama ni kile chako au ni kile kilichojaa kila mahali. Kwa macho yangu kabichi ni kabichi. Njoo wewe uangalie. Shoto amefunga boti ndogo kwenye boya, anasema habanduki mpaka majibu yajulikane. Tumepatana. Nimempelekea chakula, akala akilia.

Mama yako


20 Juni

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini wote hamjambo, na Mjomba hajaungua sana na jua. Kipande nilichokuja kukata kilifika salama, na leo asubuhi majibu yametoka.

Ni chenyewe. Vijikombe ni vile vile, vinasaba ni vile vile.

Nikakaa sakafuni katikati ya makabati. Profesa akaingia, akauliza nina nini. Nikampa karatasi. Akaisoma, akakaa sakafuni na yeye, na koti lake jeupe. Tukakaa hivyo mpaka mfagiaji akaja akatuuliza nani kafa.

"Hakuna," Profesa akamjibu. "Ndiyo maana."

Mteremko hautarudi, Mama, wala sitaki kukudanganya. Kati ya matumbawe yote ya aina ile, lililobaki ni moja, linaning'inia kwenye mnyororo wenye kutu. Wizara imeshapigiwa simu na boya halitaguswa. Tunakuja na vyombo, tuchukue vipande vidogo tuvioteshe mahali pengine salama. Huenda vikashika, huenda visishike.

Mwambie Mjomba Shoto ashuke akalale. Nakuja kumpokea zamu.

Kitindamimba wako