Wimbo wa Marehemu Telesphori Nimeuita Wangu

Mpendwa mshauri Rhoda, shikamoo. Naomba msaada wa mawazo kwa jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni fundi wa mashine za kuvuta maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nakaa Ushirombo, na kwa miaka kumi na moja nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya kigango chetu, pia nilikuwa nikinakili nyimbo za mwalimu wetu Telesphori, maana mwandiko wake haukusomeka. Mwalimu alifariki mwaka jana, wanakwaya wakasema aliyebaki na daftari lake ndiye atunge wimbo wa misa ya mavuno, nikaona aibu kukataa, nikakaa wiki tatu na kalamu bila kupata hata mstari, kwa sababu mimi si mtu wa kubuni vitu, ukinipa mashine iliyokufa nitaifungua nione kilichoharibika, lakini karatasi tupu naifungulia wapi? Basi nikakuta kwenye daftari wimbo aliouacha njiani, kiitikio na ubeti mmoja, nikauchana ukurasa ule, nikaongeza hapohapo chini ubeti wa pili kuhusu shangazi yangu Justa, anayepepeta karanga peke yake tangu wanawe wote wahamie machimbo ya Geita, nikasema wimbo ni wangu.

Siku ya misa watu walilia kwenye ubeti wa pili, padri akanipa mkono, lakini nje ya kanisa mjane wa mwalimu, Mama Denis, alinisogelea akasema polepole, "Ubeti wa kwanza naujua, Baba Denis alikuwa akiuimba akimenya viazi. Huo mwingine umeutoa wapi?" Nikamjibu nina haraka, nikaondoka. Sasa kwaya inataka wimbo wa Noeli, nami nimeacha kwenda mazoezini kwa kisingizio cha kazi. Nijitoe, au kuna namna mtu asiye na kipaji anaweza kupata mawazo?

Bujiku, Ushirombo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Bujiku. Ulichofanya ni wizi, na umemwibia mtu asiyeweza kujitetea. Kumkimbia mjane wake ni kosa la pili. Sikulaumu kwa kukosa mstari wiki tatu, hilo huwapata hata waliozoea. Nakulaumu kwa ukurasa uliochanwa.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Mama Denis alikuuliza swali ambalo hukulisikia kwa sababu ya hofu. Ubeti wa pili umetoka wapi? Mume wake hakuuandika. Watu walilia kwenye ubeti gani? Unasema huna kipaji, kumbe kanisa zima limelizwa na shangazi yako na ungo wake. Hukumbuni Justa. Ulimtazama, ukaandika ulichokiona. Usisubiri kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Sasa fanya hivi. Kabla ya Jumapili, mrudishie Mama Denis ukurasa wake na umwambie ukweli bila kuuzungusha. Kisha uwaambie wanakwaya, umesimama mbele yao. Kujitoa hapana, huko ni kukimbia tena. Kuhusu wimbo wa Noeli, achana na karatasi kwanza. Nenda kwa Justa, shika ungo umsaidie, umuulize Noeli anapikia nani siku hizi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni Kisukuma. Ukipata mistari minne, ipeleke mazoezini ikiwa mbovu hivyohivyo, wenzako waisukume. Ukiificha hadi ikamilike, haitakamilika.

Rhoda

Nyongeza: Jibu hili nilimtumia Bujiku kabla halijachapwa, naye amenipigia simu. Mazoezini alipokiri, waimbaji wa sauti ya tatu walinuna, na mmoja wao, Onesmo, hadi leo hapokei salamu yake. Kwa Justa amepata mistari sita, miwili ameifuta. Kwa Mama Denis alisimama mlangoni, akatoa ukurasa, akasema yote. Mama aliusoma wimbo mpaka mwisho, ubeti wa pili akaurudia kwa sauti, kisha akaingia ndani akarudi na kalamu.

"Andika jina lako hapo," akamwambia, "chini ya lake."