Wimbi Lililopigwa Pasi

Jumatatu, 4 Machi
Yeyote uliyefungua shajara hii, tafadhali, funga na mdomo. Neno moja likitoka humu, kazi sina.

Leo kompyuta imetuonyesha mfereji mpya utakavyokuwa lango likifunguliwa ghafla. Maji yanateremka mbio, yanafika konani, yanasimama wima kama ukuta na kumwagika nje ya kingo. Mkuu akautazama mchoro kama aliyekuta nywele kwenye chai. Akasema, maji hayasimami, binti. Kompyuta hiyo imekwama. Piga pasi.

Kupiga pasi! Ndivyo ofisi hii ya wasomi inavyoita kulainisha namba mpaka mchoro upendeze. Shahada tatu ukutani, na bado anadhani mkunjo wa maji ni sawa na wa shati lake.

Nikapiga pasi. Mimi ni karani tu. Wimbi likalala chini ya kingo, adabu tupu.

Jumatano, 6 Machi
Nimerudia hesabu, nikiugawa mfereji kwenye kompyuta kwa visanduku vidogo zaidi. Lingekuwa kosa la kompyuta, lingehama. Ukuta uko palepale, tena umezidi kuchongoka.

Nikampelekea. Akauliza niliajiriwa kuingiza namba au kutabiri. Bingwa wa maji huyu hajawahi kulowa hata soksi. Humu namtukana, mbele yake nikasema, ndiyo, mkuu.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kapiga simu, anajisifu. Mume wake kapangwa kesho kwenye kona ile ya mfereji, asome kipimo cha maji lango likifunguliwa. Nikasema asiende. Shemeji akanyakua simu:

"We shemeji, si mchoro wako ule? Mkuu katuonyesha. Maji yamenyooka kama shati la bwana harusi. Unaogopa kazi ya mkono wako?"

Kweli. Chini ya mchoro kuna jina langu. La mkuu halipo. Hapo tu ndipo alipotumia akili.

Ijumaa, 8 Machi
Sikwenda ofisini. Niko juu ya kona, naandika nimesimama. Shemeji yuko ukingoni, kofia mpya ya njano, ananipungia. Anadhani nimekuja kumpiga picha.

Nimempigia mkuu: msifungue, mchoro ule ni pasi tupu. Akauliza, mchoro upi, huu wenye jina lako? Akakata.

King'ora. Wanafungua.

Nimemwita shemeji. Anacheka — shuka huku, mwoga wewe.

Nashuka kumvuta. Shajara naiacha hapa juu ya jiwe. Yale ya kufunga mdomo, futa. Msomee kila mtu. Ukinitafuta, usipige simu ya ofisini. Njoo kwa barabara ya juu, ya chini usiikanyage. Angalia ukingoni, penye kofia ya njano. Nisipokuwepo, fuata maji. Tuko wawili.