Miwani ya Theluji Newala

Jumatatu, 15 Juni 1992

Ukungu mpaka saa tatu. Nimefungua kibanda changu cha mitumba saa moja kama kawaida. Makoti mazito mawili yametoka kabla sijanywa chai. Yote mawili yalikuwa na kile kikaratasi kigumu kinachoning'inia kwenye zipu, chenye picha ya mlima mweupe na tarehe. Wateja wanadhani ni alama ya upya. Koti lenye kikaratasi halimalizi siku mbili. Lisilo nacho linakaa wiki nzima. Sijamwambia mtu kitu. Miaka kumi na moja nilisimamia duka la ushirika, mpaka lilipofungwa, na sikuona mteja hata mmoja aliyeshukuru kwa kuelezwa ukweli.

Binti yangu Somoe anasema mwalimu wao wa jiografia aliwaeleza zamani: huko Ulaya watu hufunga mbao miguuni, wakateleza mlimani juu ya theluji kwa kujifurahisha, na hizi ndizo nguo zao za kutelezea. Siamini. Hapa Newala ukiteleza kwenye mteremko wa kwenda kuchota maji bondeni unapewa pole.

Belo jipya linakuja Alhamisi kutoka Masasi, kwa shemeji Hashimu.

Alhamisi, 18 Juni

Belo limefika. Limefungwa kwa kamba ya katani. Mabelo yanatoka bandarini yamekazwa kwa mikanda ya plastiki. Kwa hiyo kuna mtu kalifungua.

Ndani: makoti, suruali nene zenye kanda za mabegani, glovu. Miwani mikubwa ya mpira, kioo rangi ya chungwa, ina mkanda wa kuzungusha kichwani. Ipo kumi na minne. Mashati matatu, moja halina kola. Karatasi ya belo inasema mashati ya wanaume.

Belo gani la mashati lina mashati matatu?

Hashimu ni mdogo wa mke wangu. Ndiye anayenichukulia mabelo Masasi na kunipakilia tangu Februari. Yeye alikuwa fundi cherehani wakati mimi ni meneja. Sasa mali yangu yote inapitia mikononi mwake kwanza. Sipendi.

Jumamosi, 20 Juni

Selemani, mtu wa Makote, kanunua miwani sita. Ana macho mangapi? Nilimuuliza ya nini. Akacheka, akasema ya kazi. Kazi gani ya kuficha uso? Iliyobaki nimeisukuma chini ya meza. Mama Fadhila wa kibanda cha pili kanicheka, eti hajapata kuona mfanyabiashara anayewaficha wateja mali.

Jioni habari njema. Watu wa Tandahimba wametuma neno, watakuja kumposa Somoe Jumapili ya tarehe 19 Julai. Kijana ni mwalimu wa shule ya msingi. Somoe anamtaka, hata hajui kujificha. Nilifurahi kweli.

Halafu nikakumbuka nani atakaa mbele kuwajibu. Kwetu baba hajibu posa. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Hashimu asipokuwepo, wageni watakunywa maji na kurudi walikotoka.

Basi. Nitafunga mdomo mpaka tarehe hiyo ipite.

Jumanne, 23 Juni

Selemani karudi. Nyusi za njano, kope za njano. Salfa! Nimekuwa mjinga. Msimu wa kupuliza mikorosho umeanza, na ule unga wa dawa unachoma macho kama pilipili. Kila mwaka wapuliziaji wanajifunga kanga usoni na bado wanatoka shambani wanalia. Miwani hii inakaza pande zote, unga haupenyi. Na zile suruali za theluji hazipitishi kitu.

Nimeitoa chini ya meza. Adhuhuri haikubaki hata moja.

Nafikiri Hashimu hajui. Anadhani ananitupia takataka ili abaki na mashati mazuri, kumbe ananipa dhahabu. Sitamwambia. Nimemwandikia barua ya kulalamikia mashati tu.

Ijumaa, 26 Juni

Jibu la Hashimu. Mistari miwili. "Shemeji, mashati siyo msimu wake sasa. Uza ulichonacho, kitatoka."

Ananifundisha biashara. Fundi cherehani. Nimeichana barua. Mama Somoe kaokota vipande.

Jumatano, 1 Julai

Belo la pili. Katani tena. Miwani tele, suruali tele. Mashati hakuna kabisa.

Sijapata kuuza hivi tangu nianze. Wanakuja mpaka kutoka Tandahimba. Nimeanza kuwajua. Makoti yanatoka asubuhi tu, jua likichomoza hakuna anayeyatazama. Suruali wananunua wenye mashine zao za kupulizia. Miwani wananunua wote, na asiye na uwezo anachangia na mwenzake, wanapokezana. Glovu za vidole vitano zinatoka. Zile zinazotenga dole gumba peke yake zinadoda, mtu hawezi kushika bomba la mashine. Yale mabuti ya plastiki, magumu kama ndoo, hayajapata hata wa kuyajaribu.

Ningekuwa mtu mwingine ningelala vizuri. Mimi nakula nawaza mashati. Mama Fadhila alikwenda Masasi juzi. Anasema kwa Hashimu kumetundikwa mashati ya mikono mirefu, ukuta mzima. Huenda ni fitina. Mama Fadhila fitina anaiweza. Lakini ukuta mzima?

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 5 Julai

Nimemuuliza Mama Somoe, kwa upole tu, kama mdogo wake siku hizi anauza mashati. Akaacha kupepeta. "Baba Somoe, kama una neno na Hashimu, subiri shughuli ya mtoto ipite."

Anajua kitu. Kama hakuna kitu, nisubiri nini? Sasa namwangalia na yeye. Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na leo namwangalia anavyofunika chungu, najiuliza amefunika mangapi.

Jumanne, 7 Julai

Nimekwenda Masasi. Niliaga kwamba nafuata mchele wa wageni.

Kibanda cha Hashimu kiko karibu na stendi. Mashati yapo. Ukuta mzima, Mama Fadhila hakuongeza hata moja. Miwani hakuna, suruali hakuna.

Aliniona mbali, akasimama, akafuta kiti kwa mkono. "Shikamoo, shemeji. Karibu."

Sikuitika. Niliiacha shikamoo yake hewani, mbele ya wateja. Nikasema, "Mashati haya yametoka kwenye mabelo yangu."

"Ndiyo, shemeji."

Hivyo tu. Hakukana hata kidogo. Nikamwita mwizi. Nilisema kwa sauti, na nikarudia kwa wale waliokuwa hawajasikia. Alitaka kusema neno, nikamkatiza. Basi akageuka, akaanza kuyatoa kwenye misumari. Moja moja. Kila moja akalikunja vizuri, kola juu, akatia guniani. Alipomaliza akanipa gunia kwa mikono miwili.

Nimerudi nalo juu ya lori. Nimeshinda. Mchele nimesahau.

Jumatano, 8 Julai

Nimeyatundika yote. Yanapendeza. Mama Somoe ameona gunia, akauliza limetoka wapi, nikamweleza. Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka.

Jumamosi, 11 Julai

Siku ya nne, shati hata moja halijatoka. Mteja mmoja alishika moja, akalipima kifuani, akasema atalifuata korosho zikianza kununuliwa. Hiyo ni Oktoba. Ni kweli, sasa hivi mwenye shilingi anaipeleka kwenye salfa na vifaa. Nguo ya kuvaa msikitini inangoja mavuno.

Wote wanauliza miwani. Sina.

Selemani kapita, katoka kuitafuta Masasi, amekosa. Akakaa kwenye benchi langu akinisimulia kama kichekesho. Wauza mitumba wa kule wanalalamika, anasema. Kuna fundi mmoja karibu na stendi, tangu Juni, kila belo likifunguliwa yupo. Anabadilishana nao, anatoa mashati mazuri, anachukua miwani yote na suruali zote. Hauzi hata moja pale kwake. Wapuliziaji wa Masasi wenyewe wanamwomba, anawanyima. Anapakia zote zije Newala, kwa mume wa dada yake.

"Si ndiyo wewe huyo?" akaniuliza.

Nilisema ndiyo mimi. Nikafunga kibanda saa sita mchana.

Jumapili, 12 Julai

Nimemuuliza Mama Somoe yote, na safari hii nimekaa chini kusikiliza.

Alijua. Hashimu ndiye aliyeona mwaka jana wapuliziaji wanavyogombania miwani mitatu iliyotokea kwenye belo la mtu. Alikuja nyumbani hapa kunishauri. Nakumbuka siku hiyo. Alisema tu, "Shemeji, naona kuna kitu kwenye nguo za theluji," na mimi nikamjibu kwamba nilikuwa napanga bidhaa kwenye rafu wakati yeye bado anatunga uzi kwenye sindano. Watu walicheka. Na yeye alicheka.

Basi akaamua kufanya bila kuniambia. Mashati niliyoyaona ukutani yalikuwa yanangoja kubadilishwa, belo lijalo.

"Ungekubali angekwambia?" Mama Somoe kaniuliza. Anajua nisingekubali.

Akaongeza kwamba Hashimu alisema mtoto wake hawezi kuposwa kwenye nyumba yenye mikeka iliyotoboka. Alisema mtoto wake. Mikeka mipya imekaa kwenye kona, imenunuliwa kwa miwani.

Ninaona haya. Naandika hivyo hivyo, sina maneno mengine. Nimemwandikia barua. Ya kwanza ilikuwa ndefu, inajitetea, nimeichoma. Ya pili pia. Ya tatu: "Shemeji, nimekosa. Njoo kwa ajili ya mtoto." Nimempa dereva wa lori.

Alhamisi, 16 Julai

Hakuna jibu. Dereva anasema aliiweka mkononi mwake, akaisoma, akaitia mfukoni, akaendelea kupima nguo ya mtu.

Tumenunua maji madebe manane kwa ajili ya Jumapili. Bomba halijatoka tangu mwezi uliopita na foleni ya kisimani inaanza alfajiri. Wakwe watarajiwa wa Somoe watakunywa, watanawa mikono, watakula. Halafu watauliza mjomba yuko wapi.

Somoe kaniuliza mara moja tu, akiwa anasugua sufuria. "Mjomba anakuja, baba?" Nikasema anakuja. Hakuinua uso. Nadhani habari za Masasi zimemfikia. Nani asiyezijua.

Jumapili, 19 Julai

Alikuja.

Saa mbili asubuhi, kanzu safi, kofia, kwa mguu kutoka stendi. Alipitia nyuma, kwa dada yake. Nilisikia wanaongea jikoni, sikuthubutu kuingia. Alipotokea uani nilisimama. Miaka yote mtu huyu ananipa shikamoo, hata akinikuta mara mbili kwa siku. Leo alinipa mkono. "Habari za hapa, Baba Somoe."

Nikasema nzuri.

Wageni walipofika alikaa mbele, kwenye mkeka mpya. Mimi nilikaa pembeni, kama inavyotakiwa. Sijapata kumsikia akizungumza vile. Aliwatania wazee wa Tandahimba mpaka mmoja akavua kofia akajipangusa machozi. Aliwauliza habari za kijana moja baada ya nyingine, hakuharakisha, hakumshusha mtu. Alipofika kwenye sifa za nyumba, akasema mtoto huyu amelelewa na baba mwenye kujua kazi. Alisema hivyo mbele ya watu wote, bila kunitazama. Ningependa zaidi angenitukana.

Posa imepokewa. Vigelegele. Somoe analia kwa furaha kwa mama yake.

Saa tisa alivaa viatu. Nilimfuata mpaka njiani. Nikasema niliyokuwa nimepanga kusema, nikayasema vibaya, lakini nikayasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Mtoto ametoka vizuri. Tumshukuru Mungu." Akaenda zake. Chakula hakugusa. Mama Somoe ndiye aliyeniambia baadaye, sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyopakuliwa.

Ijumaa, 31 Julai

Hakuna belo tangu lile la tarehe moja. Sijaagiza. Mashati mawili yametoka wiki nzima, moja nimempa mtu kwa nusu ya bei. Upepo mwingi leo, vumbi, nimefuta meza mara tatu.

Saa nne kaja kijana wa kupuliza, mgeni kwangu, macho mekundu kabisa, maji yanatoka. Anataka miwani kwa ajili ya mzunguko wa mwisho. Nikamwambia sina, aende Masasi, karibu na stendi, amuulize Hashimu fundi. Sasa anaiuza pale pale kwake, nimesikia.

Akashukuru. Akauliza aseme katumwa na nani.

Nikamwambia asiseme.