Ndoo ya Mama Mkwe

Ndiyo, Nyamizi mjukuu wangu, hata mimi mimba ziliharibika, kama zako. Hujarogwa. Huku Mirongo hatujambo. Babu yako anakusalimu, na bado ananipendeza kama siku aliponioa!

Mwaka wa Uhuru tulikuwa maarusi, tunapendana hadi majirani wanatucheka. Mimba ya tatu ilipotoka, mama mkwe akafika kutoka Magu na mzigo wake. Nikajua amekuja kumtafutia mwanawe mke mwingine. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akaitikia, akachukua ndoo yangu, akashika njia ya ziwani. Niliduwaa! Mkwe kumchotea maji mkamwana? Jirani akapaza sauti, "Mama, leo umeolewa wewe?"

"Eee, nimeolewa upya!"

Aliporudi akaniambia, "Mimba nne zilinitoka kabla ya huyu mumeo. Hakuna aliyenichotea hata kata moja. Lala, mwanangu."

Nikalala, nikalia nilivyotaka. Baba yako alikuja baadaye sana. Ninyi nendeni hospitali, wewe na mumeo, mkapimwe wote wawili. Maji niachie mimi: kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, na ndoo yangu.