Mwenye Tangi Ashike Erthi

Baba Nekesa wangu,

Nekesa hataki nikanyage tena karakana. Ameniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitia shaka, maana mtoto huyu akikasirika hupiga kelele, na akishaamua hunong'ona. Nimeona nikuandikie wewe uliyetujua sote wawili, usije ukasikia upande mmoja.

Tulipokimbia machafuko shambani kule upande wa Molo, wenzetu walibeba magodoro na kuku. Wewe ulibeba mashine ya kuchomelea, mimi nikabeba sanduku la vitabu, tukafika Salgaa bila sufuria. Tulipanga chumba nyuma ya lodging ya madereva, ukasema tutakaa hadi mambo yatulie. Yalitulia zamani, na bado niko hapa. Nikimsimulia Nekesa ukungu wa asubuhi kule kwetu, hunisikiliza kama anayesikiliza habari za nchi nyingine. Kwake nyumbani ni barabara hii na malori yake.

Mahali ambapo hakuna anayekujua, mimi nilijifunza kushuku na wewe ukajifunza kunicheka. Unakumbuka siku ya kioo cha ngao ya uso ya kuchomelea, dukani Nakuru?

"Mathe, hii ni original," muuzaji alisema.

"Original ya wapi?"

"Si ya wapi, mathe. Ni original tu."

Nikakiinua kuelekea dirishani. Kilikuwa cheusi, lakini nyuma yake niliona duka la ng'ambo ya barabara na mtu aliyekuwa akinywa soda. Ukainamisha kichwa kwa aibu. "Mama Nekesa, wewe ungemshuku hata jogoo kwamba amewika saa isiyo yake." Ukakinunua. Kesho yake jioni ulikuwa umelala chali, macho yanawaka kana kwamba yamesuguliwa mchanga, nami nakuwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Ukasema mwenyewe: "Sawa. Kuanzia leo vifaa nunua wewe."

Nikanunua. Ovaroli ya pamba, kwa sababu nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi. Aproni ya ngozi ya ng'ombe, iliyonuka wiki nzima. Glavu za kukaribia kiwiko. Buti, na suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani, cheche zisipate pa kuingilia. Miwani angavu ya kuvaa unapogonga ganda la weldi, maana wapo waliojikinga na mwanga wote wa siku kisha wakatobolewa jicho na kipande cha ganda kisichozidi punje ya mchele. Lakini kilichokuondoa kilikuwa kifua. Madaktari walisema lao. Mimi hadi leo naushuku ule moshi wa mabati ya mageti, uliokuwa ukiuzuia kwa leso.

Kwa matangi ya malori, hata hivyo, desturi ilikuwa yako, na niliipenda kuliko vifaa vyote. Mteja akileta tangi linalovuja, akiapa kwamba limeoshwa na halina hata harufu ya dizeli, maana mvuke wake hulipuka kwa cheche moja, ulimpa glavu ya akiba na kumwambia ashike erthi mwenyewe, yaani koleo la waya wa kurudisha umeme, aibane kwenye chuma, achuchumae karibu nawe unapowasha. Aliyeosha alichuchumaa. Aliyedanganya alikumbuka kwamba anaitwa mahali. Nilikuwa nikiwatazama wakiondoka, nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Nekesa aliporithi kazi yako aliiacha desturi hiyo. Anasema wateja huona wametukanwa, wakaenda kwa fundi mwingine.

Juzi nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta ameshavaa ovaroli na ngao, tangi la lori liko chini, na mwenye tangi, dereva mnene aliyevaa kofia ya sufu, amesimama kando akichokonoa meno.

"Hiyo imeoshwa Mai Mahiu na sabuni, fundi. Iko safi kabisa."

"Nani aliiosha?" nikauliza.

"Mathe, imeoshwa."

"Mama, usianze," Nekesa akasema bila kugeuka.

"Sianzi. Naona tu imelowa kwa nje, kama mtu aliyenawa uso akasema ameoga. Ashike erthi."

Dereva akacheka. "Erthi? Mathe, unataka nikuwe turnboy wa fundi?" Lakini akavuta glavu, akachuchumaa, akabana. "Haya, washa. Kama ni kufa, nitakufa nikiwa na kampani."

Nilimtazama mikono. Haikutetemeka. Nilimtazama macho. Hayakutafuta njia. Nikashusha pumzi.

Nekesa akateremsha ngao usoni. Kisha akaipandisha tena, akamtazama yule dereva.

"Ulikuwepo ikioshwa?"

"Nilikuwa nakula. Jamaa wa gereji ndiye aliosha."

Akavua glavu. "Toka hapo, buda. Wewe hunidanganyi. Yeye ndiye sijui kama alikudanganya."

Akaligeuza tangi, palipotoboka pakawa juu, akaingiza mpira wa maji na kuliacha lijae. Maji yalipofika mdomoni yalikuja na utando wa rangi za upinde wa mvua, na harufu iliyotufanya sote turudi nyuma. Dereva akakaa juu ya tairi.

"Ningelipuka hapa, na bibi yangu anajua niko Eldoret saa hii," akasema.

Nekesa aliliosha upya kwa sabuni na maji moto, akarudia, kisha akalijaza hadi karibu na tundu, mvuke usibaki na nafasi, akaacha mdomo wazi, ndipo akachomelea.

Baba Nekesa, ile desturi yetu ilipima ukweli wa mtu. Tangi lenyewe haikulipima. Ni wangapi walichuchumaa karibu nawe kwa moyo safi, nao wamedanganywa na mwingine, na mimi nimekaa pembeni nimeridhika? Jambo hili limenikosesha raha kuliko moto tulioukwepa.

Jioni ndipo Nekesa akanong'ona. "Mama, nilikaribia kuwasha kwa sababu yako. Nilikusikia ukishusha pumzi, nikajua umeridhika. Ukiwa pale nakusikiliza wewe, siangalii kazi."

Nilimshuku, bila shaka. Nilidhani amepata namna nzuri ya kumwondoa mzee anayemwaibisha mbele ya wateja. Nikaligeuza neno hilo huku na huku nikitafuta uongo ndani yake, kama kile kioo cha Nakuru. Sikuupata.

Leo sikwenda. Nilifungua kitabu nikasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Kila lori lililofunga breki nililisikia, na kila kishindo kilikuwa tangi hadi nilipojua si tangi. Aliporudi nilimsalimu kwa mikono yote miwili, nikaushikilia mkono wake zaidi kidogo kuliko salamu inavyotaka. Akajua. Akaniwekea viganja wazi chini ya taa, akavigeuza, akavirudisha.

"Kagua basi, Mama."

Nikakagua. Kuna alama ndogo ya cheche karibu na kidole gumba, ya zamani. Kesho pia nitabaki nyumbani.

Pumzika, Baba Nekesa, na huko uliko vuta hewa bila leso.

Ni mimi, mama wa mtoto wako,
Salgaa